MANENO YA MHARIRI: Hatari Ijulikane Kabla ya Ajali



Katika mkutano wa tawi uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba tunapoteza wakati kuzungumza habari za ajali, kwa sababu wazee walikwisha sema kuwa ajali haina kinga. Watu wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, wala sikumjibu siku ile, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na wengine walikuwa na zamu ya usiku. Lakini maneno yale yamenikaa moyoni, na leo nataka kuyajibu katika ukurasa huu.

Ni kweli ajali haina kinga, kwa maana ikisha kufika imefika. Mtu aliyekwisha kukatwa mguu huwezi kumkinga tena. Lakini kabla ya ajali kuna kitu kingine ambacho jina lake ni hatari, na sisi twavichanganya vitu hivi viwili. Mafuta yaliyomwagika sakafuni ni hatari. Mtu kuteleza akavunjika mkono, hiyo ndiyo ajali. Mafuta yaweza kukaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, watu mia wakapita juu yake asianguke hata mmoja, na hatari ikawa ingali pale pale yamngoja mtu wa mia na moja. Wazee hawakusema kwamba hatari haina kinga. Hatari yaonekana kwa macho, yaweza kutajwa, na mara nyingi yaweza kuondolewa kwa ufagio na ndoo ya mchanga.

Watu wa ndege wamelifikiria jambo hili sana kuliko sisi wa reli. Si kwamba wana akili kutushinda. Ni kwa sababu ndege ikianguka huanguka na watu wengi kwa mara moja, na dunia nzima hupata habari. Mkataba wa kuunganisha mataifa katika mambo ya ndege ulitiwa sahihi mjini Chicago mwaka 1944, na shirika lililotokana na mkataba huo, ambalo lina ofisi yake pia hapa Nairobi, lilitoa mwaka 2013 sheria moja nzima juu ya kazi ya kusimamia usalama. Shabaha yake ni hii: kampuni ya ndege isingoje maiti ndipo ianze kuuliza maswali. Itafute hatari siku zote, iziandike, izipime, izitengeneze, kisha irudi kutazama kama matengenezo yale yamefaa.

Najua wako watakaosema, mambo ya ndege yatuhusu nini sisi? Kwanza chama hiki kina wanachama wapakiao mizigo ya ndege na wengine wafagiao viwanja vyake. Pili, ajali nitakayoieleza ilitokea hapa hapa Nairobi, na chanzo chake kila mtu wa reli atakielewa upesi kuliko karani wa benki.

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, eropleni kubwa ya aina ya Boeing 747, mali ya kampuni ya Lufthansa ya Ujerumani, iliondoka katika kiwanja cha Embakasi kwenda Johannesburg. Ilikuwa imetoka Frankfurt. Ndani mlikuwa na watu 157, yaani abiria 140 na wafanya kazi 17. Ilikimbia katika njia yake, ikanyanyuka, ikaanza kutetemeka, na ikakataa kupanda. Ilirudi chini kiasi cha mita 1,100 kupita mwisho wa njia, mkia ukapiga tuta la barabara, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 59 walikufa na 98 wakaokoka. Ndege za aina ile zilikuwa zimeanza kuchukua abiria mwaka 1970, na hii ndiyo mara ya kwanza moja kuanguka ikaua watu.

Sababu yake ilikuwa nini? Bawa la ndege ile lina vibawa vya nyuma na vibawa vya mbele. Wakati wa kuruka na wakati wa kutua vibawa hivi hutokezwa, ili bawa liwe pana zaidi na lishike hewa vizuri wakati mwendo ungali mdogo. Vibawa vya nyuma husukumwa kwa nguvu ya mafuta yaliyo katika mabomba. Vya mbele husukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa, itokayo katika injini na kupita katika vali. Asubuhi ile vali hizo zilikuwa zimefungwa. Vibawa vya nyuma vikatoka, vya mbele vikabaki ndani. Tena kiwanja cha Embakasi kipo juu, zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Katika kiwanja cha pwani huenda ndege ile ingejikokota ikapata mwendo, ikapona. Hapa haikuweza.

Ndugu wa reli, naamini mmekwisha kuelewa. Ni jambo la koki ya bomba la breki. Hewa iko, injini yatengeneza hewa, dereva ana imani na breki yake, kumbe mahali fulani kati ya mabehewa koki imefungwa na hewa haipiti. Usipoijaribu breki mpaka behewa la mwisho hutajua, na utakapojua utakuwa umekwisha kufika mtelemkoni. Jambo la namna hiyo lilitokea Ufaransa katika stesheni ya Gare de Lyon mjini Paris, tarehe 27 Juni 1988. Vali ya breki ilikuwa imefungwa bila kujulikana, gari-moshi likaingia stesheni bila breki ya kutosha, likaligonga jingine lililokuwa limesimama. Watu 56 walikufa.

Turudi Embakasi. Hapa ndipo ninapotaka kila mtu asome polepole. Kosa lile la vali halikuwa geni. Kabla ya siku ile lilikuwa limekwisha kutokea mara mbili katika ndege za aina hiyo, na habari zake zikaripotiwa. Ndege zile mbili zilipona, ndiyo maana hakuna aliyelia. Lakini ndege iliyokuja kuanguka Nairobi haikuwekewa chombo cha kutosha cha kuwaambia marubani wake, ngojeni, vali imefungwa, vibawa vya mbele havikutoka. Hatari ilikuwa imejulikana, imetajwa, imeandikwa katika karatasi, na bado watu 59 wakafa kwayo.

Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya ng'ombe katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, ng'ombe huuawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe akaambiwa, naye asimfunge, basi hatia ni ya mwenyewe pia. Mwalimu wetu alitufundisha habari hiyo katika somo la dini, nami nikaiona ni ya watu wa zamani na mifugo yao. Sasa naona kwamba ni sheria ya viwanda. Swali lililo kubwa si nani aliyekuwa karibu na ng'ombe siku ile. Swali ni nani aliyeambiwa, na baada ya kuambiwa alifanya nini.

Baada ya ajali ya Embakasi lawama ilianza kwa wafanya kazi, kama kawaida. Fundi aliyekuwa akiangalia mitambo ndani ya ndege alishtakiwa kortini, na mwaka 1981 akaachiliwa. Sisemi kwamba hakuna aliyekosa. Orodha ya kukagua ilikuwapo, na vali zilipasa kufunguliwa. Hata taarifa ya uchunguzi ilisema kwamba ukaguzi kabla ya kuruka haukufanywa sawasawa. Lakini taarifa hiyo hiyo ilitaja pia kwamba hapakuwa na chombo cha kutosha cha kuwaonya. Baada ya ajali wenye kuunda ndege waliweka vyombo vya kuonya, na tangu hapo mtu akisahau huambiwa na ndege yenyewe kabla hajaruka. Ingekuwaje kama chombo kile kingewekwa baada ya mara ya kwanza, au hata ya pili?

Siku kumi na moja tu baada ya Embakasi, tarehe 1 Desemba 1974, jambo lingine la namna hiyo lilitokea Marekani. Ndege ya kampuni ya TWA ilikuwa yakaribia kiwanja cha Dulles, karibu na Washington, katika hali mbaya ya hewa. Marubani waliambiwa na waongozaji walio chini kwamba wana ruhusa ya kukaribia. Wao walielewa kwamba waweza kushuka mara moja mpaka futi 1,800. Waongozaji hawakuwa na maana hiyo. Mbele yao palikuwa na mlima uitwao Mount Weather. Watu wote 92 walikufa.

Juma sita kabla yake, ndege ya kampuni nyingine, United, ilikuja njia hiyo hiyo, marubani wakaelewa maneno vibaya vile vile, wakaukosa mlima ule kwa umbali mdogo sana. Walipofika salama waliwaambia wakubwa wao, kwa sababu kampuni yao ilikuwa na utaratibu wa kupokea ripoti bila kumwadhibu mtu. Kampuni ikawaonya marubani wake yenyewe. Lakini marubani wa TWA hawakupata habari. Kampuni moja ilijua mlima uko wapi, na kampuni ya pili ikaenda kuugonga.

Kwa ajili ya hayo Wamarekani walianzisha mwaka 1976 mahali pamoja pa kupelekea ripoti za hatari kutoka kampuni zote. Rubani, fundi, mwongozaji wa ndege, kila mmoja aweza kuandika aliyoyaona au hata kosa alilolifanya mwenyewe. Walifanya jambo la akili sana. Ripoti hazipokelewi na serikali ile yenye uwezo wa kumnyang'anya rubani cheti chake. Zapokelewa na NASA, shirika la mambo ya anga, ambalo halina mamlaka ya kumwadhibu mtu. Jina la mwandishi huondolewa, kisha habari hupelekwa kwa wote. Mtu aliyevunja sheria kwa kusudi hapati kinga, wala mhalifu hawezi kujificha humo. Lakini mtu mwaminifu aliyesahau au aliyeelewa vibaya aweza kusema bila hofu. Tangu wakati ule zimepokelewa ripoti zaidi ya milioni moja. Fikirini ni hatari ngapi zilizotajwa na watu waliokuwa hai.

Sasa nitasema juu yangu mwenyewe, kwa maana si vizuri kuwahubiria wengine huku nimekunja mikono.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, katika yadi moja ambayo sitaitaja. Kati ya njia ya tatu na ya nne palikuwa na shimo. Maji ya mvua yalikuwa yamekula kokoto kando ya mataruma, kisha nyasi zikaota juu yake. Kina chake kilifika magotini. Sisi sote tuliokuwa tukipanga mabehewa usiku tulilijua, tukaliruka kila siku bila hata kufikiri, kama mtu anavyoruka kizingiti cha nyumba yake. Tulilipa hata jina. Tuliliita Benki, kwa sababu kila aliyetumbukia humo aliweka kitu: kiatu, tochi, sigara. Tulicheka sana juu ya Benki.

Akaja mtu mpya kutoka stesheni nyingine. Siku ya pili akapewa zamu ya usiku. Hakuna aliyemwonyesha shimo, maana kila mmoja wetu alidhani kwamba mwenzake amekwisha kumwonyesha. Alikuwa akienda mbio kando ya mabehewa yaliyokuwa yakirudishwa nyuma, taa mkononi. Hakufa. Alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti.

Katika uchunguzi tuliitwa mmoja mmoja. Bwana aliyekuwa akiandika aliniuliza, je, ulilijua shimo hili? Nikasema, nalijua. Tangu lini? Nikasema, mwaka na zaidi. Ulimwambia nani? Nilitazama chini. Sikumwambia mtu.

Ningeweza kutoa sababu, na sababu ilikuwapo. Miezi michache kabla yake mwenzetu mmoja alilalamika kwamba taa za mkono zimefifia, akaambiwa yeye ni mtu wa maneno mengi, akapelekwa kuzibua mitaro juma mbili. Wengine tukaona, tukafunga midomo. Hiyo ni sababu, lakini kwa mtu yule wa mguu mmoja haifai kitu. Shimo lilizibwa siku ya tatu baada ya ajali. Walikwenda watu wawili na toroli, wakamwaga kokoto mara nne, kazi ya nusu saa. Yeye bado huja kutusalimu akitembea na magongo, na hunisalimu kwa moyo mweupe, nami naona afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nawaambia wasimamizi wetu, ikiwa wanasoma gazeti hili, nami najua wanalisoma: mtu mmoja akiadhibiwa kwa kusema, watu hamsini hunyamaza. Baada ya hapo mtakaa ofisini mkiona vitabu vimenyooka, hakuna malalamiko, mkadhani kuna usalama. Zaidi ya hayo kuna mahali palipotundikwa ubao wa kuhesabu siku zilizopita bila ajali, na zikifika kadhaa watu hupewa sukari na unga. Nia ni njema, lakini tazameni matokeo. Mtu aliyejikata kidole hujifunga kitambaa akaficha mkono mfukoni, asije akawakosesha wenzake sukari. Ubao ule wahesabu siku ambazo hakuna aliyesema. Tungependa uhesabu hatari zilizotajwa na kutengenezwa, na sukari iende kwa waliozitaja.

Na kwa wanachama pia nina neno, maana lawama si ya upande mmoja. Wako wenzetu ambao kwao kuripoti hatari ni kuchongea. Kumchongea mtu ni kwenda kwa bwana na jina la mtu. Kuripoti hatari ni kwenda na jina la kitu: shimo, waya, ngazi, koki. Ukiandika, andika hivyo. Usiandike kwamba kazi hapa ni mbaya, kwa maana hakuna fundi awezaye kutengeneza maneno hayo. Andika kwamba kidato cha pili cha ngazi ya ghala la mafuta kimeoza upande wa kushoto, na mtu mwenye mzigo begani hawezi kukiona. Hapo fundi ajua achukue mbao gani.

Wala tusidhani hatari ni vitu vikubwa peke yake. Tarehe 25 Julai 2000, ndege ya Concorde ya Ufaransa ilikuwa yaruka kutoka Paris. Gurudumu lake lilikanyaga kipande cha bati kirefu kama nusu mita hivi, kilichoanguka kutoka ndege nyingine iliyotangulia kupita njia ile. Gurudumu likapasuka, kipande cha mpira kikalipiga tangi la mafuta, moto ukawaka. Walikufa watu 109 waliokuwamo na wengine 4 waliokuwa chini. Na hapa tena ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga pembe, kwani mwaka 1979 huko Washington magurudumu ya Concorde yalipasuka na vipande vikatoboa matangi. Mwanachama wetu ashikaye ufagio kiwanjani asikubali kuambiwa kwamba kazi yake ni ndogo. Misumari, mawe, vipande vya mifuko, yote hayo yaweza kuingia katika injini. Na ndege wa angani pia, ambao lugha yetu imewapa jina moja na eropleni, nao hawapatani hata kidogo. Tarehe 15 Januari 2009 mabata bukini waliingia katika injini zote mbili za ndege moja mjini New York, na rubani akaitua mtoni. Watu wote 155 wakaokoka. Mtu akiona taka za chakula zatupwa karibu na kiwanja, zikiwakusanya korongo na mwewe, ameona hatari, hata kama yeye ni mchukuzi tu.

Uchovu nao uandikwe. Mtu aliyefanya zamu mbili mfululizo ni sawa na breki iliyolika, tofauti ni kwamba breki haioni haya kuonekana imechoka.

Huenda mkauliza, tukiandika kila kitu nani atatengeneza yote? Wenye ndege hupima kila hatari kwa maswali mawili: yaelekea kutokea mara ngapi, na ikitokea itadhuru kiasi gani. Rangi iliyobanduka ukutani yaweza kungoja mwaka ujao. Koki inayojifunga yenyewe haiwezi kungoja gari la jioni. Na wakitengeneza, huanza kwa kujaribu kuiondoa hatari yenyewe. Isipowezekana huizungushia kizuizi. Isipowezekana huweka taa au kengele. Na mwisho kabisa ndipo humwambia mtu avae glavu na awe mwangalifu. Kwetu sisi mara nyingi twaanzia huko mwisho na kuishia huko huko. Shimo lapigiwa kibao kisemacho ANGALIA. Hata kibao chenyewe huanguka, kikawa kitu kingine cha kujikwaa.

Sheria iko upande wetu katika jambo hili, na wengi hawajui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na watu wao ndani yake. Yamtaka mfanya kazi aonaye hatari kubwa amwambie msimamizi wake, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali hapo kabla hatari haijatengenezwa. Tena yamkataza kumfukuza au kumpunguzia mtu kitu kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Yule mwenzetu wa mitaro hakuyajua hayo, nasi hatukuyajua, na aliyempeleka huko labda aliyajua.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubaliana kupeleka maombi yafuatayo kwa waajiri, nasi twataka kila mwanachama ayajue ili asimame nyuma yake. Katika kila yadi, ghala na karakana kuwe na daftari la hatari, kurasa zake zikiwa na namba ili pasiwe na ukurasa wa kupotea. Aandikaye halazimiki kutia jina. Msimamizi ajibu kwa kalamu katika daftari hilo hilo ndani ya siku saba, aseme amefanya nini, au kama hakufanya, kwa nini. Mtu mpya yeyote asipewe zamu ya usiku kabla ya kusomewa daftari na kutembezwa mahali pa kazi mchana. Na kila mwezi makatibu wa matawi wapelekeane nakala, maana yaliyowapata marubani wa TWA yaweza kutupata sisi pia: koki iliyoharibika Nakuru yafaa ijulikane Voi kabla gari halijafika huko.

Wasipokubali tutaanza wenyewe. Daftari la tawi letu litakuwa mezani kwa katibu kuanzia Jumatatu, na asiyependa kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuujaza mimi: taa ya nguzo ya pili karibu na lango la yadi haiwaki tangu mvua zilipoanza, na hapo ndipo watu wa zamu ya usiku wavukapo njia.